Tundu la Bodi ya Kijani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika kazi yangu, mwanangu, naikumbuka kwa harufu. Bodi ya kahawia ya redio ikiungua hunuka kama karatasi iliyomwagikiwa sukari na kutupwa motoni, na harufu hiyo niliizoea hata nikawa naisikia vidoleni ninapokula wali. Siku ile harufu ilikuwa nyingine kabisa, kali, yenye kukwaruza koo. Mjomba wangu aliinua kichwa akanitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa tumeunguza kitu tusichokijua.

Nyinyi mnaokuja hapa Kibiti kujifunza kazi kwangu huwa mnashangaa kumkuta fundi ni mwanamke, tena bibi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Shangaeni tu, mkimaliza tufanye kazi. Aliyenifundisha ni huyo mjomba, kaka wa mama yangu kwa baba na mama, ambaye soko zima lilimjua kwa jina la Fundi Mbonde. Mimi ni mtoto wa delta, kijiji cha wakata mikoko na wavuvi, na nilipofika umri wa miaka ishirini na kidogo nilikataa mchumba ambaye ukoo mzima ulikuwa umemkubali. Mama akanileta kwa kaka yake ili apumzishe masikio. Mjomba hakuniuliza habari za mchumba hata siku moja. Alinipa brashi akaniambia nianze na vumbi.

Umeme wa nguzo ulikuwa haujatufikia wakati huo. Kichomeo chetu kilikuwa kipande cha shaba chenye mpini wa mti, tukikipasha kwenye jiko la mkaa, na tukitaka kujua kama kimeiva tunakigusisha kwenye risasi. Risasi ninayosema si ya bunduki. Ni ule waya laini unaong'aa kama fedha, ambao fundi huuyeyusha kuunganisha miguu ya vifaa na bodi. Msicheke. Kwa jiko lile mjomba alifufua redio za nusu ya wilaya, kuanzia Dimani mpaka Mkongo, na waliokuwa hawana cha kumpa walimletea mchele.

Redio za wakati huo, karibu zote, zilikuwa na bodi ya kahawia, ile inayotengenezwa kwa karatasi iliyoshindiliwa na gundi. Bodi hiyo ndiyo mama wa bodi zote, na mwanafunzi wangu haanzi na nyingine. Juu wamekaa vifaa: kapasita, transista, na ndugu zao. Chini zimepita njia za shaba, upande mmoja tu. Matundu yake ni matundu matupu, hayana kitu ndani. Kifaa kikiharibika unayeyusha risasi kwa chini, unavuta kwa juu, kimetoka. Ni kama nyumba ya mlango mmoja, anayeingia na anayetoka unamwona. Mjomba aliijua nyumba hiyo mpaka pembeni, na mimi nilikuwa nimeanza kuijua, nikajiona na mimi ni mtu.

Kisha ikaja ruksa, milango ya biashara ya nje ikafunguliwa. Nyinyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamuwezi kujua ilivyokuwa. Mtu aliyekuwa akitafuta sabuni kwa kujuana, ghafla anaona redio kaseti ya milango miwili inaning'inizwa mbele ya duka la nguo. Vitu viliingia kutoka kila upande wa dunia, na vilipoharibika vilikuja mezani kwetu. Tukivifungua, ndani tunakuta bodi za kijani, ngumu, zinazong'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Mjomba alizifuta vumbi, akabadilisha waya uliokatika, akazirudisha. Hakuwa amewahi kuingia ndani yake hasa. Na sisi tuliokuwa tukimtazama tulidhani kijani ni rangi tu.

Basi siku ile ninayoisema, alikuja mwenyekiti wa kijiji chetu cha delta na simu ya upepo ya zahanati. Ni redio ya kuongelea. Mganga wa zahanati alikuwa akibonyeza na kuita hospitali, na hospitali inatuma boti ya injini kumchukua mgonjwa. Mtu mmoja alikuwa amefunga betri kinyume, chanya kwenye hasi, na simu ikanyamaza palepale. Kijiji kizima kilikuwa kikiitegemea. Lakini katika kijiji kizima hakuna aliyeitegemea kama dada yangu Mwanahawa.

Mwanahawa alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alizaa kwa operesheni, na akaambiwa wazi kwamba asithubutu kuzalia nyumbani, uchungu ukianza tu awe njiani kwenda hospitali. Mumewe alikuwa kambini kwenye mikoko. Mipango yote ya dada ilikuwa juu ya simu ile: uchungu ukishika, mganga ataita, boti itakuja. Siku zake zilikuwa bado kama mwezi mmoja.

Mjomba aliifungua simu, ndani bodi ya kijani, akapima kwa mita, akavitambua vifaa vilivyoungua. Hapo hakukosea hata kimoja. Akakipasha kichomeo mkaani, akayeyusha risasi kwa chini, akavuta kifaa cha kwanza kwa juu kama alivyozoea. Kikakataa. Akaongeza moto, akavuta kwa koleo. Ndipo ilipokuja ile harufu. Kifaa kikatoka, na vingine navyo vikatoka kwa nguvu hizohizo. Akaweka vipya, akavichomea kwa chini, risasi ikakaa vizuri kama tone la maji. Tukafunga betri. Kimya.

Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye benchi, na watu wa sokoni, kama kawaida yao, walikuwa wameshajaa mlangoni kutazama. Mjomba hakuwajali. Alipima tena, sasa akagusisha ncha moja ya mita juu ya bodi na nyingine chini, kwenye tundu lilelile. Mshale haukutikisika, yaani umeme haupiti. Akaingiza mkono kwenye kopo la takataka, akaokota kile kifaa kibovu alichokitupa, akakigeuza kwenye mwanga. Mguu wake ulikuwa umevaa kitu. Kilikuwa kijibomba chembamba cha shaba, kama soksi iliyotoka pamoja na kiatu.

Akaniita nisogee. Akaniuliza kama nalikumbuka dungu la bibi kule kwenye mpunga. Nani wa kwetu asiyejua dungu? Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Watu wanalala juu kwa ajili ya mafuriko na nguruwe, vyungu na kuku wako chini, na katikati kuna ngazi. "Hii bodi ni dungu," akasema. "Ina njia juu na ina njia chini. Hiki kijibomba ndani ya tundu ndiyo ngazi. Mie nimeng'oa ngazi, kisha nakaa nashangaa chakula hakipandi."

Mwanangu, kaa hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopita mbio. Bodi ya kahawia na bodi ya kijani hazikutofautiana kwa rangi. Zilitofautiana kwa kile usichokiona, ndani ya tundu. Kwenye ya kahawia, risasi ya chini inatosha. Kwenye hii ya pande mbili, ukuta wa tundu wenyewe ni njia, na aliyeuvunja amekata mazungumzo ya ghorofa mbili hata kama kazi yake kwa nje inapendeza macho. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mjomba akachukua nyuzi nyembamba za waya, akapitisha mmoja mmoja katika kila tundu lililovuliwa soksi, akachomea chini, akachomea na juu. Tukafunga betri tena. Simu ikakohoa, ikavuma, halafu sauti ya mtu wa hospitali ikatoka safi kabisa, akiuliza nani anaita. Watu mlangoni wakapiga makofi. Mwenyekiti akasimama, uso umemnawiri, akaanza kuviringisha waya tayari kwa safari. Nami nilivimba kichwa, maana fundi aliyepigiwa makofi ni mjomba wangu.

Mjomba akaweka kiganja juu ya simu.

"Mwenyekiti, hii inasema leo. Kesho sijui."

Mwenyekiti akamwambia, kwa heshima, kwamba ameisikia kwa masikio yake mwenyewe, sasa kutojua kumetoka wapi. Mjomba akamjibu kwamba ngazi alizozing'oa amezirudisha, lakini moto wa jiko lake ni mkubwa kwa bodi kama ile, na matundu mengine ambayo huenda ameyalegeza hawezi kuyaona. Bodi za namna ile hakuwa amezisomea. Akasema wasiitegemee simu hiyo kwa mgonjwa mahututi. Waweke na boti tayari kijijini. Kisha akarudia, tena kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Waambie Fundi Mbonde kasema hajui."

Makofi yakaisha. Watu wakaanza kutawanyika, mmoja akinong'ona na mwenzake, na mimi nikatamani benchi linifunike. Miaka yote ile sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwa mjomba. Mwenyekiti alipotoka kwenda kunywa chai, nikamwambia mjomba kwamba amejishusha bure, simu inafanya kazi, angenyamaza tu, na ikiharibika baadaye watasema ni chumvi ya delta. Nilisema kwa hasira. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, nadhani kwa sababu alijua nimelelewa na dada yake.

"Mpwangu, mficha uchi hazai," akaniambia. "Dada yako kule anangoja simu hii. Nikisema imepona, atakaa kwake ametulia, kwa kuwa mjomba kasema. Jina langu ndilo litakalomkalisha pale. Sasa jina zuri kama hilo, weye unalitakia nini?"



Akaniambia nifunge kanga zangu, niondoke na mwenyekiti yuleyule, nikamlete Mwanahawa aje asubirie siku zake hapa Kibiti, karibu na hospitali. Tukashuka mpaka bandari ya Nyamisati, tukangoja maji yajae, tukavuka. Njia nzima mwenyekiti aliipakata simu mapajani kama mtoto mwenye homa.

Kumtoa dada haikuwa kazi ndogo. Mama mkwe wake, bibi mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alitaka kujua kwa nini mke wa mwanawe aondoke na mimba kubwa hali simu imetengenezwa, tena na mjomba mtu. Nilizunguka zunguka, nikasema habari za joto, nikasema habari za chakula. Haikusaidia. Mwishowe nikalitoa lile neno nililokuwa nikilikwepa tangu sokoni, nikamwambia mjomba amesema hajui. Bibi yule akashusha sauti. Akaniuliza kama kweli Mbonde mwenyewe ndiye aliyesema. Nikamwambia ndiye. Akaingia ndani, akaanza kukunja nguo za mkwewe. Mtu aliyekuwa akijua siku zote, alisema, akikwambia leo hajui, basi funga mizigo.

Mwanahawa alikaa nyumbani kwa mjomba, akilalamikia mbu wa Kibiti kana kwamba kwetu delta hakuna mbu. Uchungu ulimshika kabla ya siku tulizohesabu. Ilikuwa mchana, gari la kubeba mpunga lilikuwa limeegeshwa sokoni, na mjomba alikimbia mwenyewe, viatu mkononi, kumwomba dereva. Tukampeleka hospitali ya misheni ya Mchukwi, akaingizwa kwenye operesheni moja kwa moja, na jioni nikampokea mtoto wa kiume akiwa amekunja uso kama mtu aliyedaiwa. Waliompokea dada walituambia tungechelewa kidogo tusingemkuta mama wala mtoto. Nililia kwenye ukuta wa hospitali mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Siku chache baadaye mwenyekiti alikuja tena Kibiti. Alipakata ile simu. Ilikuwa imekufa kabisa, na ilikufa katika juma lilelile alilojifungua Mwanahawa. Aliyeugua kule katika siku hizo walimpeleka kwa boti waliyoiweka tayari kama walivyoagizwa. Mwenyekiti aliiweka simu mezani. Akauliza mzazi anaendeleaje. Akaambiwa hajambo, na mtoto hajambo. Basi akaushika mkono wa mjomba, akakaa nao muda mrefu.

Mjomba hakuona haya, akaibeba simu ile mpaka Dar es Salaam kwa kijana mmoja fundi ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Akakaa kwenye benchi la wanafunzi. Alirudi nyumbani na kichomeo kidogo cha kutumia betri ya gari, na adabu mpya aliyonirithisha: kwenye bodi ya pande mbili hatuvuti. Tunakata miguu ya kifaa kwanza, tunatoa mguu mmoja mmoja kwa joto dogo, risasi ikishalainika yenyewe ndiyo ruhusa. Kwenye kahawia waweza kuwa na haraka kidogo. Kwenye kijani mwenda pole ndiye hajikwai. Simu ya zahanati alirudi nayo nzima, na safari hiyo mwenyekiti alipouliza, mjomba alisema anajua. Neno hilo lilikuwa na uzito ambao halikuwa nao kabla.

Tangu hapo bodi zimeniletea wageni wengine, nami kila mgeni nampokea kwa tahadhari. Ilikuja ile ya tabaka nyingi, ambayo ni kama chapati iliyosukumwa na mjuzi: ukiichana, ndani kuna tabaka na ndani yake tabaka. Njia nyingine zimepita katikati ambako jicho halifiki. Imulike kwa tochi utaona. Ya kawaida inapitisha mwanga palipokosa shaba, ya tabaka nyingi inabaki giza sehemu kubwa. Hiyo ukiiunguza katikati, waya wa kuruka, kama ule alioupitisha mjomba, hautakusaidia sana. Ikaja ile laini ya kukunjika, rangi ya chai ya rangi, inayopita palipo na kitu cha kufunguka na kufungika, kama simu ya kukunja. Inavumilia kukunjwa, ila kona kali inaikata ndani na nje usione jeraha. Na sasa taa hizi mpya zimeleta bodi yenye mgongo wa alumini, kazi yake kubeba joto. Weka kichomeo uone: joto lote linamezwa na mgongo, risasi inakutazama tu. Mtu aliyezoea ya kahawia atadhani kichomeo chake kibovu.

Yule mtoto wa Mwanahawa tulimpa jina la Mbonde, na mjomba alimpakata mpaka alipoanza kumvuta ndevu. Sasa ni fundi wa simu za mkononi, mjini. Juzi alikuja kunisalimu, shikamoo mama mdogo, marahaba, akanitolea simu iliyofunguliwa, ndani kuna bodi ngumu imeshonwa na laini, kitu kimoja, hakuna pa kuzitenganisha. Akaniuliza ningeanzia wapi. Vijana wawili wanafunzi wangu walikuwa wamekaa palepale, wakinitazama kama watu wa soko walivyomtazama mjomba. Nikavua miwani moja nikavaa nyingine, nikaichungulia vizuri.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Hebu nionyeshe."

Akasogeza kiti, akanionyesha, taratibu, bila dharau. Naye hakujua kwamba yeye mwenyewe yuko duniani kwa sababu ya neno hilo. Nilimhadithia jioni ileile tukiwa tunakula, akaacha kula, akanitaka nimhadithie tena. Ndiyo maana leo nawahadithia na nyinyi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kabla ya kugusa bodi, igeuze, imulike, ujue ni nyumba ya mlango mmoja, au ni dungu, au ni chapati, au ni ile inayokunjika, kwa sababu mkono unaoponya moja unaweza kuua nyingine. Ukiharibu, sema umeharibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe mara nyingine ni cha mtu mwingine asiyekuwa na habari. Na siku watu wakishaliamini jina lako, hapo ndipo uchunge zaidi, maana kuna mtu mahali fulani atakayekaa ametulia kwa sababu wewe umesema. Usimkalishe mtu juu ya kitu usichokijua. Mimi sina deni kubwa duniani kuliko shukrani ninayowiwa na mjomba, na nailipa kwa kuwaambia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Fundi Mbonde, alijaze kaburi lake nuru, kwa lile neno moja alilolisema mbele ya watu. Nanyi awape macho ya kuona kilichomo ndani ya tundu, awape mikono isiyo na pupa, na siku msipojua awape ulimi mwepesi wa kusema hivyo. Haya, chukueni brashi. Tuanze na vumbi.